Machicha ya Nazi: Vitafunio Visivyopita Motoni

Leo jembe tuliache ukutani, twende jikoni, pale ilipo mbuzi ya kukunia nazi.

Nataka tuzungumze juu ya kitu ambacho nyumba nyingi za pwani zinakipata kila siku, na nyumba nyingi zinakitupa kila siku. Kitu hicho ni machicha. Mama amekuna nazi, ametia maji, amekamua kwa kifumbu, tui limekwenda kwenye wali au kwenye mchuzi wa samaki. Yale yaliyobaki kifumbuni hukung'utwa uani, kuku wakayakimbilia, na habari imekwisha.

Hebu leo kabla hujayakung'uta, chukua machicha kidogo uyafikiche kati ya vidole, kisha uvitazame vidole vyako. Vinang'aa. Hayo ni mafuta. Mkono wa binadamu, hata uwe na nguvu namna gani, hauwezi kuyatoa mafuta yote ya nazi; mengi hubaki kwenye machicha pamoja na nyuzinyuzi zinazosaidia tumbo kufanya kazi yake. Kilichomo kidogo ni ile protini ya kujenga mwili. Kwa hiyo asije mtu akasema ati Bwana Shamba kasema machicha yanashinda maharage. Sikusema. Nasema tu kwamba nazi umeipanda, umeipalilia, umempa mkwezi haki yake, au umeinunua sokoni kwa fedha, halafu sehemu yake nzuri unaimwaga.

Machicha hayo yanaweza kutengenezwa vitafunio vitamu bila kuwasha moto hata kidogo. Huhitaji kuni, huhitaji mkaa. Kashata tunaijua sote, lakini kashata inataka jiko na sukari iliyochemka, na mtoto hawezi kuachiwa sufuria ya sukari inayochemka. Hivi ninavyovisema leo mtoto wa miaka kumi anaviviringisha mwenyewe akisha nawa mikono. Na tena wapo watu, mijini na hata kwenye mahoteli ya Unguja, ambao hawali kitu chochote kitokanacho na mnyama: si nyama, si maziwa, si yai, hata asali hawaigusi. Wengine wao hupenda chakula kisichopikwa. Watu hao wanatafuta kitu cha namna hii, na hicho kinatoka kwenye kifumbu chako.

Lakini ngojeni kidogo. Kabla sijawapa vipimo, nina jambo la kuwaambia, maana mimi mwenyewe nusura niumize watu.

Mwaka 2019 nilikwenda kijiji kimoja cha wilaya ya Mkuranga kuwaonyesha akina mama jambo hili hili. Nikaona nijirahisishie kazi. Nikakuna nazi na kukamua nyumbani alfajiri, machicha nikayatia kwenye ndoo yenye mfuniko, nikafunga vizuri, nikapanda basi. Basi likaharibika njiani. Nilipofika kijijini ilikuwa yapata saa saba mchana, akina mama wamekaa wananingoja toka saa nne, na watoto wametoka shule wamejipanga. Nikafunua ndoo. Pakatoka harufu ya uchachu, kidogo tu. Nikajiambia moyoni, iliki itaifunika. Ndugu zangu, naona haya kulisema, lakini ndivyo nilivyofikiri. Nilikuwa nimeshika kinu tayari.

Bibi mmoja aliyekuwa amekaa mbele kabisa akainuka, akachukua machicha kwa ncha ya vidole, akanusa. Akasema, "Mwanangu, haya yamelala. Huku kwetu hatumpi mtu machicha yaliyolala." Akaninyang'anya ndoo mbele ya watu wote, akayamwaga shimoni. Kisha akamtuma mjukuu wake alete nazi tatu, tukaanza upya.

Niliporudi chuoni nilitafuta kwa nini bibi yule alikuwa mkali vile. Nikakuta kwamba alikuwa na haki kuliko alivyojua mwenyewe.

Huko Indonesia, kisiwani Java, hasa upande wa Banyumas, watu walikuwa na chakula chao kiitwacho tempe bongkrek. Walichukua machicha ya nazi yaliyokwisha kamuliwa, wakayatia ukungu maalumu na kuyaacha yachachuke siku mbili hivi mpaka yashikamane kama kibao. Ni chakula cha watu wa kawaida, tena cha bei ndogo. Lakini mara kwa mara iliingia bakteria nyingine, isiyoalikwa, inayopenda mahali pa joto penye mafuta ya nazi, nayo ikatoa sumu. Mamia ya watu walikufa kwa miaka mingi, hata serikali ya nchi ile ikapiga marufuku chakula hicho mwaka 1988. Na msiseme Indonesia ni mbali. Mwezi Januari mwaka 2015, hapa jirani Msumbiji, kule Chitima katika mkoa wa Tete, watu walikunywa pombe ya kienyeji baada ya mazishi, na watu 75 wakafa. Wachunguzi walikuta sumu ile ile. Safari ile bakteria ilikuwa imeingia kwa njia ya unga wa mahindi.

Sasa sikilizeni vizuri jambo moja. Sumu hiyo haina harufu, haina ladha, na ukiipika haifi. Ule uchachu ulionionya mimi na bibi ulikuwa bahati. Machicha yanaweza yasinuke kitu na yasiwe salama. Kwa hiyo kwa machicha usitegemee pua. Tegemea saa. Toka unapokamua hadi unapomaliza kuviringisha zisipite saa mbili, na siku za joto kali iwe saa moja. Yakipita hapo bila kupata jua kali wala moto, hayafai kuliwa na mtu, wala usimpe kuku. Yafukie kwenye shimo la mboji. Na yale ya jana, hata kama yamefunikwa kwa kawa safi, ni ya jana.

Siwaambii haya ili muogope nazi. Mtu anayekuna, akakamua na kula siku hiyo hiyo hana sababu ya hofu. Ninachosema ni kwamba moto ulikuwa unatufanyia kazi nyingi kimya kimya. Ulikuwa unaua vijidudu vya kisima, vya mikono, vya mbuzi ambayo haikusuguliwa vizuri. Ukiuondoa moto, kazi hiyo inabaki ni yako.

Tuanze basi na nazi yenyewe. Chukua nazi iliyokomaa, itikise, usikie maji. Koroma haifai, nyama yake laini na mafuta bado. Tazama yale macho matatu: yakiwa na ukungu au unyevunyevu, iache. Yenye ufa pia iache, hata kama muuzaji anakuapia kuwa imepasuka sasa hivi. Ukisha ivunja, kata kipande kidogo uonje kabla ya kukuna. Ikiwa chungu au ina ladha kama ya sabuni, hiyo imekwisha haribika, na hakuna tende itakayoitengeneza.

Mbuzi isuguliwe, meno yake yamwagiwe maji yaliyochemka. Kifumbu ndicho chenye hila zaidi, kwa sababu mabaki ya jana hujificha kwenye msuko. Kama kifumbu chako kimekuwa cheusi ndani, kwa kazi hii tumia kitambaa cheupe kilichochemshwa. Mashine za kukunia nazi za sokoni ni nzuri kwa kupunguza kazi, lakini mimi sijaona nyingi zinazooshwa kati ya mteja na mteja. Kwa nazi ya wali utakaochemka, haya. Kwa hivi visivyopikwa, kuna mwenyewe.

Maji ya kukamulia yawe yamechemshwa na kupozwa. Kuna mama aliniuliza, "Bwana Shamba, ulisema bila moto, mbona unanichemsha maji?" Ana haki ya kucheka. Basi tuseme hivi: chakula hakipiti motoni, maji yanapita. Birika moja la jana usiku linatosha.

Kamua tui la kwanza kwa maji kidogo, na ukitaka la pili. La tatu nakuomba ulisamehe. Machicha yaliyokamuliwa mara tatu hayana tofauti kubwa na vumbi la randa, yanashika kooni, na mtoto atakutemea. Nazi moja ya wastani mimi hunipa machicha kama vikombe viwili, kikombe kile cha chai.

Sasa vipimo. Machicha mabichi kikombe kimoja. Tende laini zilizotolewa kokwa, kikombe kimoja kilichoshindiliwa. Ufuta safi vijiko vitatu vya chakula. Mbegu za iliki tatu, zitwange. Chumvi chembe tu, kiasi cha kushika kwa vidole viwili. Tende zioshwe kwa yale maji yaliyochemshwa, zipanguswe, kila moja ipasuliwe utazame ndani, kwa kuwa wadudu wadogo hupenda kukaa kwenye kokwa. Kama ni ngumu, ziloweke kwa muda mfupi tu na uzikamue vizuri, maana maji ni adui wa kazi hii.

Tia tende kwenye kinu, twanga mpaka ziwe rojo zito linalonata kwenye mchi. Hapo ndipo utie machicha, kidogo kidogo, kisha ufuta, iliki na chumvi. Wengi hukosea wakatia machicha yote kwa pamoja. Tende hukataa kushika, ukabaki na kitu kinachomeguka. Ukikandamiza tonge mkononi likashikamana bila kuchuruza, limekwisha. Likimeguka ongeza tende moja au mbili. Likilowana ongeza ufuta uliotwangwa. Paka mikono mafuta kidogo ya nazi, viringisha vidonge vya ukubwa wa ndimu changa. Utapata kati ya 15 na 20.

Mwisho vizungushe kwenye unga wa ubuyu. Hapo ndipo utamu wenyewe ulipo, maana tende ni tamu ya kuchosha, na ule ukali wa ubuyu unaiamsha. Kama mbuyu uko mbali nawe, tumia ufuta mkavu. Wengine wameniambia wanatia tangawizi mbichi iliyosagwa, na Dodoma nilikula vya zabibu kavu badala ya tende. Vya zabibu vilikuwa vizuri, ila zabibu inataka kutwangwa zaidi.

Wapo wanaopenda kutumia ndizi mbivu badala ya tende, kwa kuwa ndizi iko shambani na tende ni ya kununua. Inawezekana. Ponda ndizi sukari mbili zilizoiva sana kwa kikombe kimoja cha machicha na vijiko viwili vya ubuyu, kula kwa kijiko papo hapo. Lakini usiviringishe ukaweka: ndizi ina maji mengi, haingojei mtu. Tende ina sukari nyingi na maji machache, ndiyo maana vidonge vyake vinavumilia zaidi. Hata hivyo, bila jokofu, vya tende navyo viliwe siku hiyo hiyo. Ukiwa na jokofu lenye baridi ya kweli, siku tatu, basi.

Nimeulizwa sana juu ya machicha ya karanga na korosho, kwani siku hizi watu wanakamua maziwa ya vitu hivyo pia. Korosho hubakiza machicha kidogo mno ikisagwa vizuri. Na ile korosho ya dukani tunayoiita mbichi, kwa kawaida imekwisha pitishwa kwenye mvuke au moto ili ganda lipasuke. Nisisikie mtu amebangua korosho mbichi kwa meno akitafuta kitafunio kisichopita motoni. Mafuta ya ganda lile yanaunguza midomo na ngozi.

Karanga ndiyo ninayoiogopa. Karanga iliyovunwa ikarundikwa na unyevu wake huota ukungu unaotoa sumukuvu, na sumukuvu nayo moto wa jikoni hauiondoi. Ni sumu hiyo, kwa njia ya mahindi, iliyoua watu 125 mashariki mwa Kenya mwaka 2004, na ikaua tena katika mikoa yetu ya Dodoma na Manyara mwaka 2016. Kwa hiyo karanga zichambue moja moja: iliyosinyaa, iliyobadilika rangi, iliyotobolewa, yenye ukungu, zote weka kando, na usizirudishe kwa kusaga rojo la kuuza kama wafanyavyo baadhi ya watu. Hata zile nzuri, machicha yake mimi huyakaanga. Sioni sababu ya kula karanga bila moto wakati nazi ipo.

Kuna siku umealika watu, umekuna nazi kumi, na machicha ni mengi kuliko tende ulizo nazo. Hapo kausha. Yatandaze saa hiyo hiyo kwenye sinia au kwenye kikaushio cha jua, membamba kiasi cha kuona sinia chini yake, ufunike kwa chandarua dhidi ya nzi. Anza kabla ya saa nne asubuhi, siku ya jua la kweli, ukiyageuza kila mara. Jioni yawe makavu ya kuvunjikavunjika kama pumba. Kama jua limekukimbia na bado yana unyevu, usiyaache yalale ukingojea jua la kesho. Yatie kwenye kikaango usiku huo huo uyakaange yakauke, yatumike kwenye kashata au uji. Yaliyokauka vizuri twanga, chekecha, tia kwenye chupa kavu yenye kifuniko, utumie ndani ya mwezi mmoja. Ukitengeneza vidonge kwa unga huo, tumia nusu kikombe badala ya kimoja, kwa kuwa unga mkavu unakunywa unyevu wa tende.

Kwa watoto: chini ya miaka miwili wasipewe, nyuzi hizi zinaweza kuwapalia. Wakubwa wao, viwili kwa siku, halafu wasukutue, maana tende inanata menoni. Mwenye ugonjwa wa kisukari ajue kuwa hapa sukari ni ya tende lakini ni sukari. Na ukimpa mgeni, mwambie kilichomo. Wapo ambao miili yao inaukataa ufuta au korosho, na wao ndio wanaojua, si wewe.

Anayetaka kuuza nyumba kwa nyumba aviringishe asubuhi, amalize kuuza mchana, na vilivyobaki asivitembeze kesho. Kuvipeleka dukani ni habari nyingine. Hapo onaneni na watu wa SIDO wa mkoa wenu wawaelekeze, na TBS, ambayo toka mwaka 2019 ndiyo iliyokabidhiwa usalama wa chakula kwa upande wa Bara. Kikundi kinachoanza nakishauri kiuze kwanza kile cha machicha makavu. Kina faida ndogo kidogo kwa sababu ya kazi ya kukausha, lakini usiku mtalala.

Yule bibi wa Mkuranga nilimrudia mwaka uliofuata. Nilikuna mbele yake, nikakamua mbele yake, nikatwanga. Alikula kimoja, akasema iliki nimetia nyingi. Kisha akakichukua kifumbu nilichokuwa nimekiweka chini, akakigeuza ndani nje, akakiangika kwenye kamba juani, na kuniambia mara nyingine nisingoje yeye anikumbushe.

Kwa leo naishia hapa. Wiki ijayo, Mungu akipenda, tutarudi shambani tuzungumze juu ya kuchagua mbegu ya mnazi wa kupanda. Kwaherini.